Jiwe la Nyuma ya Foklifti

Neno lililonichosha zaidi tangu nirudi Nakuru ni "jiwe". Kwenye godauni letu la mbolea, jiwe ni mtu. Paleti ya mbao iliyopangwa magunia ikizidi uzito, magurudumu ya nyuma ya foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, yananyanyuka kutoka sakafuni kama punda anayetaka kupiga teke. Hapo mpakiaji mmoja anapaza sauti, "Jiwe!" Mtu mnene anakuja bila haraka, anapanda nyuma ya mashine, anashika nguzo za paa na kutulia. Magurudumu yanarudi chini. Watu wanashangilia, kisha dereva anaambiwa aende.

Dereva ni mimi.

Nimeendesha mashine hizi sehemu nyingi, maana sikai mahali. Nilianzia Naivasha kwenye ghala la baridi la maua, nikaenda Athi River kwenye saruji, nikaja nikakaa Longonot, karibu na reli. Kila mahali nikiondoka naapa sirudi, halafu nikifika kwingine naanza kupakumbuka. Longonot ndipo ninapopakumbuka zaidi. Upepo wa mlimani ulikuwa ukituletea vumbi mpaka ndani ya sufuria za chakula. Lakini sakafu ilikuwa na mistari ya njano, na mtu akiuvuka mstari bila kuangalia alifokewa na kila aliyekuwepo, mpaka mpishi. Nilizichukia kelele zile. Siku hizi nazililia.

Nikizitaja hapa wananicheka.

"Rudi Longonot basi, boss," wapakiaji wananiambia. "Huko mashine zinaendeshwa na malaika."

Jiwe letu lilikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Bondeni, mtu wa miaka hamsini na kitu, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi zamani akahamia hapa na familia yake. Alibeba magunia katika godauni hili tangu ujana wake, hadi asubuhi moja mgongo ukakataa. Tangu siku hiyo hawezi kuinua hata nusu gunia. Wengine wa aina yake hupewa asante na kuonyeshwa geti, lakini yeye aliokolewa na unene wake. Paleti nzito ilipokuja alipanda nyuma. Ilipokwisha alirudi kukaa kwenye kreti mlangoni na kupiga gumzo na wakulima waliokuja kununua. Kila mtu alijua kwamba siku jiwe litakapokosa kazi, mzee naye amekosa. Nilijua hivyo pia, na ndiyo sababu nilikaa miezi mingi nikimeza hasira yangu.

Wenyewe waliligeuza mchezo. Madam, supavaiza wetu, alikuwa akimwagizia chai na mandazi saa nne, eti anatunza mtambo wa kampuni. Mzee alipougua homa ya matumbo akarudi amekonda, wapakiaji walimzunguka kwa masikitiko.

"Jiwe limepasuka," mmoja akasema.

"Itabidi tuongeze kokoto," akajibu mwingine, na kuanzia siku hiyo kijana mwembamba akawa anapanda pamoja naye mpaka unene uliporudi.

Nilijaribu kuwaeleza. Niliwaambia foklifti ni kama ule ubao ambao watoto hulaza juu ya gogo, mmoja akikaa huku, mwingine kule. Gogo ni magurudumu ya mbele. Upande mmoja kuna mzigo, upande wa pili kuna chuma kizito alichokiweka mwenye kuitengeneza mashine. Mzigo ukizidi, nyuma inapaa.

"Si ndiyo maana tunaweka jiwe!" wakaniambia kwa furaha, kama mwalimu anayeona mwanafunzi ameelewa.

Nikasema, sawa, lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanayokata kona. Yakiwa mepesi, usukani ni pambo tu. Na gunia mbili zikiteleza mbele zikaanguka, nyuma inashuka kwa kishindo na aliyekaa pale anarushwa kama punje ya mahindi kwenye sufuria. Isitoshe, mkia wa foklifti hutupwa nje ikikata kona, na hakuna mahali pa mtu kuweka mguu. Nikawaonyesha kile kibao kilichopigiliwa karibu na kiti, kinachosema uzito ambao mashine inaweza kuinua.

"Hicho kibao kiliandikwa huko Ulaya," mpakiaji mmoja mrefu akaniambia. "Hawajui watu wa hapa wana nguvu."

 Nilipanda kwenye kiti changu nikaendelea na kazi, meno yamekazana.

Halafu likaja suala la gambuti. Nilikuwa nakata kona kuelekea ndani, mzee yuko nyuma kama kawaida, nikasikia kitu kinakwaruza nguzo ya godauni. Nikasimamisha. Mzee alikuwa ameshika paa kwa mikono miwili, mguu mmoja hewani, na gambuti lake limebanwa kati ya mashine na nguzo. Alichomoa mguu ukatoka na soksi. Gambuti lilikuwa kubwa kuliko mguu wake, na mahali lilipopondeka kabisa vidole havikufika.

Nilishuka mbio kumwangalia mguu. Yeye alilichukua lile gambuti akawa analizungusha kwa wenzake.

"Mnaona faida ya kununua kiatu kikubwa?" akawaambia. "Mama watoto alinigombeza, akasema nimenunua mtumbwi."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilienda nyuma ya godauni nikanywa maji nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikuwa nimeamua.

Haikuchukua muda. Mvua za kupanda zilikuwa zimekaribia na wakulima walikuwa wamejaa nje, wa Subukia, wa Kabazi, wa Molo, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Lori likafika na paleti zilizopangwa juu kupita kiasi. Niliingiza yale meno mawili ya chuma yaliyo mbele ya mashine chini ya paleti ya kwanza, nikajaribu kuinua, mkia ukapaa. Nikashusha.

"Punguzeni gunia za juu," nikasema. "Tubebe mara mbili."

"Boss, mvua inakuja."

"Naiona."

"Jiwe!" akaita yule mrefu, kana kwamba sikuzungumza.

Nikamsikia mzee akipanda. Mashine ilitikisika kidogo, kama inavyotikisika kitanda mtu akikaa. Nikazima injini, nikatoa ufunguo, nikautia mfukoni.

"Shuka, mzee," nikasema bila kugeuka.

"Endesha, kijana. Mimi nimeshika."

"Hata ukishika kwa meno. Shuka."

Kelele zikaanza pande zote. Mkulima mmoja aliuliza kama tumegoma. Mwingine akamweleza kwamba dereva ni mlokole mpya. Madam akaja kwa hatua zake fupi za haraka, simu mkononi.

"Wewe uliletwa hapa kuendesha ama kuhubiri?"

"Madam, mtu akiwa pale nyuma, mimi siendeshi. Leo, kesho, hata mtondo. Punguzeni mzigo na nitafanya kazi bila kula."

Aliangalia mbingu, akaangalia foleni ya wakulima, akaniangalia mimi kwa namna ambayo mtu huangalia gurudumu lililopata pancha. Kisha akawaambia wapakiaji wapunguze. Walipunguza wakinung'unika, gunia baada ya gunia, na tulimaliza lile lori kabla ya mvua. Nilirudi nyumbani nimechoka lakini nimenyooka, nikijiona mwanaume.

Asubuhi iliyofuata kreti ya mlangoni ilikuwa tupu.

"Mzee yuko wapi?" nikamuuliza Madam.

"Ulisema jiwe litoke," akajibu bila kuinua macho. "Limetoka."

Nilitaka kupiga kitu. Nilikuwa nimesema atolewe kwenye mashine, wao wakamtoa kwenye kazi, na walifanya hivyo kwa wepesi ule ule ambao kwa miezi mingi waliukosa kuondoa gunia chache juu ya paleti. Nilibishana naye. Aliniuliza mtu asiyeweza kubeba, na sasa haruhusiwi kupanda, analipwa kwa kufanya nini. 

Jioni nilienda Bondeni. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yao ya kupanga ya kaunsili, na mkewe kando yake akipanga sukuma wiki na nyanya kwenye meza ya kuuzia.

"Huyu ndiye yule dereva?" mama akauliza.

"Ndiye," mzee akasema.

"Karibu, mtu wa kufukuzisha watu kazi. Nyanya utachukua?"

Nikachukua nyanya. Ningefanya nini? Nikamwambia mzee sikuwa na nia ile, nia yangu ilikuwa mguu wake.

"Mguu wangu ulikulalamikia?"

"Mzee, uliona gambuti."

"Niliona. Nililipeleka kwa fundi, amelishona." Akatazama watoto waliokuwa wakicheza kalongo barabarani, wakipikiana ugali wa mchanga. "Wewe una haki, kijana. Lakini mwenye haki amekula, na mimi nimekaa hapa namhesabia mke wangu nyanya."

"Na bado hujui kuzipanga," mama akamwambia.

Niliondoka na mfuko wa nyanya na hasira nisiyojua niipeleke kwa nani. Njia nzima niliwaza kuhama. Nina rafiki aliyekuwa akiniita Eldoret, na mguu wangu mmoja ulikuwa tayari huko. Hivyo ndivyo nilivyoondoka Naivasha, na Athi River pia. Lakini ningehama na kumwacha yule mzee anauza nyanya kwa sababu yangu, Eldoret ningeichukia kabla sijafika.

Kilichonisaidia ni tabia moja ya wakulima wetu. Mkulima wa huku haamini mbolea ambayo hajaigusa. Hata akiwa amelipa, lazima aingie mwenyewe, abonyeze gunia, asome mfuko, asage chenga ya mbolea kati ya vidole, kisha aseme anataka lile la chini. Mzee alipokuwa mlangoni, alikuwa akiwashika kwa maneno. Alijua nani ana ng'ombe mgonjwa na nani ana binti anayeolewa, na alikuwa mnene wa kutosha kuziba nusu ya mlango. Hakuna aliyeihesabu kuwa kazi. Alipoondoka, wakaingia. Nikirudi nyuma na mzigo nakuta mama wa Kabazi amechuchumaa njiani anabonyeza gunia. Nikikata kona nakuta mzee mwingine ameegemea paleti, anapiga simu nyumbani kuuliza wamesema mbolea ya DAP ama ya CAN.

"Mathe, toka hapo!"

"Kwani unanunua wewe?"

Nilipiga honi mpaka ikapoteza sauti. Kisha siku moja nilikuwa narudi nyuma taratibu, shingo imepinda, nikaona kitambaa chekundu. Nikakanyaga breki mpaka mzigo ukaguna. Alikuwa Madam. Alikuwa amekuja kuwafukuza wakulima, simu ikalia, akaipokea akiwa amesimama nyuma yangu. Kati ya mgongo wake na chuma kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

Hakufoka. Alikaa juu ya gunia, kiatu kimoja kimetoka.

"Ungeniua," akasema.

"Mlango hauna mtu, Madam."

Akakiokota kiatu chake. Alijua ninakoelekea, na hakupenda kwamba nilikuwa na njia ya kufika.

"Mwambie aje kesho," akasema mwishowe. "Lakini akae mlangoni. Nikimwona juu ya mashine, mnaenda wote wawili."

Basi mzee amerudi, na mimi sina amani tena. Alikuja amevaa fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, na filimbi shingoni aliyojinunulia mwenyewe sokoni, kubwa kama ya refa. Tulichora mistari ya njano sakafuni, mimi na yeye, na sasa anailinda kama shamba la babake. Wakulima wanagusa mbolea kwenye gunia la mfano alilofungua mlangoni, na wanaridhika. Wapakiaji wanapunguza paleti nzito bila kuambiwa, kwa sababu wakichelewa anapuliza filimbi mpaka wanaziba masikio. Hayo yote ni mazuri, nakubali. Lakini mimi pia ananipulizia. Nikienda kwa kasi kidogo, filimbi. Nikisahau honi kwenye kona, filimbi. Nikipita na mzigo umepanda juu ya macho yangu badala ya kuwa chini karibu na sakafu, anasimama mbele yangu, mikono kiunoni, na hapitiki.

Wiki jana nilikuwa nimeinua paleti kuiweka juu ya nyingine, kazi ya kufumba na kufumbua, akapuliza. Nikasimamisha. Nikatafuta kosa, sikuliona.

"Nini tena, mzee?"

Akanyoosha kidole. Mpakiaji mrefu alikuwa amejiinamia karibu na yale meno, chini ya mzigo, akifunga kamba ya kiatu.

"Wee! Toka!" nikamfokea, na akatoka akijikuna kichwa. Nikashika tena kijiti cha kuinulia.

Filimbi.

"Ametoka, mzee!"

"Ametoka, lakini hujashusha. Shusha kwanza, uangalie, ndiyo upandishe tena."

"Mzee, mimi ndiye niliyekurudisha hapa."

"Najua," akasema, na hakusogea hata unyayo. "Shusha. Halafu utakuja Bondeni nikushukuru."

Nyuma yangu wapakiaji walikuwa wanacheka, wakulima wanacheka, na Madam mlangoni amekunja mikono. Nikashusha.