Honi Niliyoitoa kwa Pikipiki ya Mzee Festo

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu wa gereji ya ushirika pale Eldoret alinipa kitambaa na mswaki kuukuu. "Wewe wa darasa la nne," akasema, "safisha cheni hii mpaka nione uso wangu." Nikasugua mpaka saa kumi. Akaja, akainama. "Nimeona pua peke yake," akasema, akaenda zake. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sisi, nyinyi vijana mnaopewa cheti.

Siku hizo pikipiki hazikubeba abiria. Zetu zilikuwa za watu wa A.I., wale wanaopandisha ng'ombe mbegu bila fahali. Mkulima akiona ng'ombe wake ana joto, anataka dume, anamleta kwa krashi, kile kizimba cha mbao kando ya barabara kinachombana asirushe teke, na kufunga kitambaa cheupe juu ya mbao. Mtu wa A.I. akipita na mtungi wake wa mbegu akaona kitambaa, anasimama.

Baada ya mwaka mmoja nikatumwa kituo cha Ainabkoi kutunza pikipiki tatu. Moja ilikuwa ya Mzee Festo. Yeye ndiye alinifundisha kusikiliza injini. "Funga macho, mwanangu. Ugonjwa unasikika kabla haujaonekana." Mimi sikuwa na baba. Kila Jumapili nilikula kwake, na mke wake, Mama Rosa, aliniwekea ukoko wa ugali kwa sababu alijua naupenda.

Halafu mtu mwingine wa A.I. akaibiwa pikipiki upande wa Chepsaita. Sheria ilikuwa moja: ukipoteza pikipiki, umepoteza kazi na nyumba. Mzee Festo akanijia, kofia mkononi.

"Mwanangu, nikiwa kazini mkono wangu uko ndani ya ng'ombe mpaka kwapa. Mwizi akija nitamkimbizaje? Nikimbie na ng'ombe?"

Tukacheka, lakini macho yake hayakucheka. Nikamtengenezea alamu: honi ya lori bovu, betri yake, waya chini ya kiti, na swichi niliyoificha chini ya tangi. Ukiwasha swichi hiyo, pikipiki ikitoka kwa stendi tu honi inalia, hata kama aliyeishika ana ufunguo. Swichi tuliijua sisi wawili.

Msimamizi wa kituo hakuipenda. Jina lake Elijah, na ninalitaja kwa sababu wengi wamekufa wakiliogopa. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama tawala pale kwetu, beji kwa koti hata akienda chooni. "Nani alikupa ruhusa?" akaniuliza. "Pikipiki ya kazi inapiga kelele kama matanga?"

Na sisi tulikuwa na kosa letu. Hatukufikiria chumvi. Kiti kilichokaliwa miaka mingi kimejaa jasho, na ng'ombe hawaachi chumvi. Siku moja Mzee yuko krashi, mkono ndani, ng'ombe mwingine akaja kulamba kiti. Akalamba, akasukuma, pikipiki ikatoka kwa stendi. Honi ililia kama lori limekosa breki. Ng'ombe aliyekuwa krashi akaruka, na kiwiko cha Mzee kikavunjikia kwa mbao.

Elijah akatuita mbele ya wafanyakazi wote. "Toa hiyo takataka sasa hivi!"

Nikamwangalia Mzee Festo, mkono umefungwa kwa leso ya Mama Rosa. Akasema polepole, "Toa tu, mwanangu. Usipoteze kazi kwa ajili yangu."

Nikatoa. Ningeweza kuondoa waya za kuonekana na kuacha nyingine ndani. Ufundi huo nilikuwa nao. Roho ndiyo sikuwa nayo.

Mzee alirudi kazini na mkono usionyooka. Wiki ya pili, mchana kweupe, akiwa nyuma ya ng'ombe, akasikia injini yake ikiwaka. Aliijua kwa sikio. Alipotoa mkono na kukimbilia barabarani, akakuta vumbi. Mwizi alikuwa na ufunguo, na ufunguo wa pili ulikaa kwa msumari nyuma ya kiti cha Elijah.

Mzee akafutwa. Mimi nikafungiwa siku nne kwa polisi, eti nilimsaidia mwizi. Goti hili linalovimba baridi ikija nililipata humo, kwa rungu. Miezi baadaye nikaiona pikipiki Sugoi, kwa shemeji ya Elijah, imepakwa rangi nyekundu. Keria ilikuwa na alama ya kuchomelea, na hiyo ni kazi ya mkono wangu. Nikaenda kwa chifu.

"Unataka kumshtaki mwenyekiti kwa alama ya kuchomelea?" akasema. "Nenda nyumbani, goti moja bado ni zima."

Elijah amezeeka vizuri. Kanisani anakaa mstari wa mbele. Mimi nilizunguka gereji za mjini mpaka goti likakataa kuchuchumaa, nikastaafu mvi zikiwa chache.

Ile honi nilimpelekea Mzee Festo shambani kwake, nimwombe msamaha. Alinipa koleo tu. Tukaifunga kwa mlango wa zizi, akawa anaipiga kila akiwapa ng'ombe wake wawili chumvi. Siku ya kwanza walivunja ua. Baada ya wiki moja wakawa wanaikimbilia.

"Unaona?" akaniambia. "Tungewazoesha tu."

Kwa hivyo vijana wa boda wakiniuliza kama waweke alamu, nawaambia wekeni, na mtu mkubwa akiwaamuru muitoe, mwulizeni kwanza ufunguo wa pili uko wapi. Halafu naenda kumwona Mzee. Akiniona langoni anaipiga honi kwa mkono ule uliopinda, na ng'ombe wanakuja mbio, wananilamba mikono.