Motokari Yenye Kukataa pa Lupango ya Mama Kapemb

Nilitoka Kolwezi juu ya kucha kumi na nywele kiloko ya mutu. Beye bandugu ya hapa mutaa ya Manika munaniulizaka kila siku, "Zozo, ku Musumba kulikuwa namna gani?" na mi najibuka tu, "Muhogo muzuri, barabara mubaya." Leo naeleza yote, na munisamehe kama pa fasi ingine sitacheka.

Mulikuwa munamuyua Tata Chikomb, ule karani muzee wa mugodi, mwenye kofia. Alikufwa huku, tukamuzika huku. Lakini yeye ni mutu wa Musumba, kule mbali ku Kapanga, na kwabo mutu akizikwa mbali, banakata kucha na nywele, banatia mu kasanduku, banaenda kuizika ku udongo ya babu yake. Kama habakufanya vile, anatembea-tembea. Ndugu yake muloko, Tata Kasong, njo alipewa ile kazi. Na juu marehemu aliapaka kama siku ya kurudi kwabo atarudi na motokari yake, ilifaa motokari yake njo iende.

Sasa ile motokari! Ya Amerika, nyeusi, murefu sawa banki ya kukalia ya kanisa. Muzungu moja aliiacha wakati alirudi kwabo. Vitesi yake, zile gia, ni otomatike: hakuna pedali ya tatu, ile ya ambreyaji, hakuna kubadirisha na mukono, yenyewe inajibadirisha. Bamekanisie yote ya Manika balikuwa banaikimbia. Mi nikasema, "Mi nayua." Niliyua nini? Nilifunguaka bwati ya vitesi moja ya namna ile, ile sanduku ya gia, na wakati ya kuifunga visi tatu ya kukazia ilibakia mu mukono yangu. Lakini mudomo haina breki.

Siku ya kwanza, saa kumi na mbili ya asubui, Manika. Nilipima mafuta ya bwati ya vitesi vile tunapimaka ya moteri: moteri imezima, imepoa. Kachuma ya kupimia ilitoka na mafuta nyekundu mupaka pa alama. Nikasema, "Imejaa." Tata Kasong, mu suti yake ya abakosi yenye kupigwa pasi, aliweka kasanduku pa kiti ya nyuma, akaifunika na kitambaa mweupe, halafu akakuja kukaa mbele pembeni yangu. Tukapita karibu na Musonoi, mashimo ya mugodi ingali na ukungu, tukashika njia ya Kasaji.

Pa mulima ya kwanza moteri ikaanza kulia, kulia sana, na motokari haiendeleye. Sawa mutu mwenye kusimama mu mulango anawaza aingie ao aache. Halafu, puu! ikashika, ikaruka mbele.

"Zozo, ulishika nini pale?"

"Sikushika kintu, tata. Mukono yote ni huku pa volani, uone."

"Na vitesi, nani aliingiza?"

Hapo njo nilipaswa kufunga mudomo. Lakini mi ni mi. Nikasema, "Si ni Tata Chikomb mwenyewe, iko nyuma. Miaka yote alikuwa karani, sasa njo amepata cheo ya shofere."

Tata Kasong hakucheka. Aligeuka pole pole, akaangalia kile kitambaa mweupe, halafu akaangalia tena njia.

Magaribi, Kasaji. Tulilala kwa Mama Eliza, mama moja mwenye kuuzisha bukari, ugali ya muhogo, na samaki pa njia. Aliweka sahani yetu juu ya boneti, akaingiza kichwa mu dirisha.

"We shofere, naona pedali mbili tu. Ya tatu uliuzisha?"

"Ya tatu iko nyuma, mama. Marehemu njo anaikanyaga."

"Marehemu gani?"

Nikamuonyesha kasanduku. Akacheka, halafu kicheko ikakatika. Aliondoa sahani yetu pa boneti, akaiweka chini mbali, akapangusa mikono yake mu kikwembe. Asubui alitupa maji ya kunywa mu kikopo ya zamani, na hakutaka tumurudishie ile kikopo.

Siku ya pili, katikati ya Kasaji na Sandoa. Hapo moshi ikaanza. Mweupe, mingi, inatoka nyuma na kutufwata sawa kitambaa yenye kukokotwa. Haikunuka esanse, petroli. Ilinuka kintu tamu yenye kuungua. Nikasimama, nikaingia chini ya motokari, nikatafuta. Kavu. Hata tone moja haikuanguka pa udongo.

Saa sita ya muchana tukafika pa mulima yenye iko na makaburi ya bamisionere pembeni. Motokari ikakataa. Moteri inalia, magurudumu imetulia. Nikazima. Tata Kasong akashuka, akavua kofia, akafungua mulango ya nyuma na akaanza kusemesha kasanduku mu Kilunda, pole pole, sawa vile mutu anabembeleza mukubwa wake mwenye kukasirika. Alisema murefu. Wakati alimaliza, akarudi kukaa.

"Washa."

Nikawasha. Motokari ikapanda sawa hakuna kintu ilikuwa.

Siku ile niliwaza: bon, vile nilisema kwa kucheka, labda ni kweli. Leo nayua: mafuta kiloko yenye ilibakia mu bwati ilikuwa inafanya povu, kama inapata dakika ya kupumzika, povu inaisha, inaweza kusukuma tena. Lakini pale pa makaburi nani alikuwa wa kuniambia? Kutoka pale sikusema tena muchezo. Lakini ile muchezo ya kwanza ilishaingia mu kichwa ya Tata Kasong. Kila pahali motokari ilikataa, Tata Kasong alikuwa anaangalia: mbele yetu kuko nini? Nyumba ya nani? Njia ya nani? Alikuwa anasoma alama ya marehemu.

Sandoa, tulipima tena, moteri imelala. Mafuta ilipunguka. Chini kavu sawa unga. Nikamwanga bidon moja yote ya mafuta ile nyekundu mupaka kachuma ikaonyesha alama. Nilikuwa na bidon mbili, ikabakia moja.

Siku ya tatu, saa munane ya muchana, Musumba. Jamaa yote ilikuwa pa njia, batata mbele, bamama nyuma, kimya. Makaburi ya jamaa ni pale juu, na njia ya kupanda inapita pa lupango moja ya nyasi. Tata Kasong akaniambia na sauti ya chini, "Pale ni kwa Mama Kapemb. Bibi yake ya kwanza. Wakati ndugu yangu alienda ku mugodi, alimuacha hapa. Hakumukujia tena."

Mama Kapemb alikuwa amesimama pa kiingilio ya lupango, muzee, mwembamba, na kopo ya maji mu mukono, juu ya kupokea bageni.

Mbele yake kabisa, motokari ikasimama.

Moteri ililia. Moshi mweupe ikapanda, ikafunika lupango, ikafunika Mama Kapemb, tukabakia kuona kopo tu. Na motokari ikaanza kurudi nyuma, pole, pole, ikageuka, ikaelekeza mukia yake pa kiingilio ya Mama Kapemb. Nikajaribu tena. Tena vile vile. Mara ya tatu, vile vile. Tata Kasong akashuka, akavua kofia, akasemesha kasanduku. Nikawasha. Haikutembea.

Akarudisha kofia pa kichwa.

"Chikomb amefika kwenye alikuwa anataka kufika," akasema, kwa batu bote. "Njia yote alikuwa anatuonyesha, na sasa amemuonyesha mwenye kumukula, mulozi wake. Mbele ya jua kuingia, huyu mama atoke hapa, bila kintu. Na nyumba ichomwe."

Hakuna mutu alipiga kelele. Hiyo njo ilikuwa mubaya. Banaume babili baliingia mu nyumba na kuanza kutosha mikeka, pole, sawa banahamisha mutu kwa muzuri yake.

"Na shofere ni shahidi," Tata Kasong akasema. "Yeye njo aliniambia, tangia Kolwezi, kama marehemu njo anaingiza vitesi."

Macho yote ikanikujia. Bandugu, mi nachekeshaka batu tangia masomo ya primeri. Sijaonaka batu wengi vile banashika neno yangu sawa kweli.

"Tata Kasong," nikasema, "nilisema bongo, uwongo tu. Nilikuwa nacheka."

"Ulicheka siku tatu?"

"Nilicheka siku moja. Siku mbili niliogopa. Motokari ni mugonjwa, tata. Na nawaza mi njo sikuipima muzuri."

"Ulisema unayua hii motokari."

"Ile pia ilikuwa bongo."

Mutu moja nyuma akasema, "Mumupige." Lakini Mama Kapemb njo alijibu, na sauti kavu: "Mutamupiga kisha. Kwanza atengeneze."

Tata Kasong akaangalia jua. "Tengeneza. Kasanduku inabakia ndani. Ikipita hapa, shiye bote tutapita. Ikikataa mara ingine, usiniambie tena kintu."

Nikaingia chini ya motokari, na kule chini hakuna mutu wa kuchekesha, unabakia tu kuwaza. Mafuta inaisha, chini haimwangike. Basi kuko mwenye kuikula. Moshi mweupe, harufu tamu. Basi mwenye kuikula ni moteri. Inaikula na mudomo gani? Nikatambaza mukono. Pembeni ya bwati ya vitesi kuko kakopo ya chuma, kiloko sawa kopo ya maziwa ya boite, na tiyo nyembamba ya mupira, sawa murija, inatoka pale inapanda mupaka ku moteri. Niliionaka zamani, nikawaza ni ya hewa tu. Moteri inavuta hewa, na vile njo bwati inayua saa ya kubadirisha. Mafuta haifai kuwa mule hata tone. Nikachomoa ile tiyo.

Nyekundu. Ikanimwangikia mu shingo, mu kifua.

Wakati nilitoka chini ya motokari, bamama balikimbia. "Damu! Chikomb anatoka damu!" Hata mi, nikiangalia mikono yangu, niliona damu. Nikainusa juu ya kupata akili. Halafu nikaenda pa mbabula ya Mama Kapemb, yenye makaa ilikuwa ingali na moto, nikatonesha pale. Moshi mweupe ikapanda, na ile harufu tamu.

"Tata Kasong, ukuje unuse. Na unuse hii bidon nilinunua Kolwezi. Ni kintu moja. Ndani ya kakopo kuko ngozi ya mupira, imepasuka. Moteri inakunywa mafuta ya bwati kupitia pale."

Akanusa makaa. Akanusa bidon. Akanusa shingo yangu. Halafu akaambia bale banaume babili baweke kwanza mikeka chini.

Kakopo ya kubadirisha sikukuwa nayo. Nikachonga bijiti bibili, nikaziba mudomo ya tiyo na mudomo ya kakopo, nikafunga na mupira ya kinga, ile ya baisikeli. Vile vitesi itachelewa kuingia na itapiga nguvu, lakini mafuta haitaenda tena. Halafu nikapima, safari hii moteri inazunguka. Kachuma ikatoka kavu. Kavu kabisa! Siku tatu nilikuwa napima bwati yenye kulala, na ikilala mafuta inarudi chini, inadanganya kama imejaa. Nikamwanga bidon ya mwisho mupaka tone ya mwisho.

Saa kumi na nusu. Mama Kapemb alirudi kusimama palepale, na kopo yake. Nilimuomba asogee kiloko, akakataa. Nikakanyaga. Moteri ikalia. Mukono yangu iko wazi pa volani, miguu pa pedali, na hakuna kintu ingine ya kufanya: vitesi moja imetoka, ingine haiyaingia, na motokari haiko mu mukono ya mutu. Nilisikia ikirudi nyuma kiasi ya kidole moja. Nyuma yangu kasanduku ikasogea pa kiti.

Tok! Ikapiga sawa nyundo. Ikapita.

Batu habakupiga makofi. Balifwata nyuma. Tukazika kasanduku mbele ya jua kuingia, na wakati tulishuka, mikeka ilisharudishwa mu nyumba, na hakuna mutu aliomba musamaha.

Siku ya ine, asubui, nilienda kumuaga Mama Kapemb. Niliwaza atanishukuru, nilishatayarisha hata jibu ya kuchekesha. Alikuwa anafagia mafuta yangu pa kiingilio yake na udongo.

"Motokari ilipanda, basi mi si mulozi," akasema.

"Njo vile, mama."

"Na kama bidon yako ingekuwa tupu?"

Alingojea kiloko, halafu akaendelea kufagia.

Kurudi, siku tatu tena, Tata Kasong na mi tulisemezana juu ya mvua tu. Kila mulima, tok, na hakuna mwenye aligeuka kuangalia kiti ya nyuma. Kintu nilisoma ku Musumba, kama ni ya kazi, ni hii: bwati otomatike inapimwa moteri ikizunguka, na ukiona moshi mweupe, ufwate ile tiyo nyembamba mbele ya kufwata mutu. Hiyo naweza kufundisha mekanisie yeyote ya Manika, na sitamuficha kintu. Lakini ile ingine, yenye mama aliniuliza na fagio mu mukono, nimebeba Sandoa, nimebeba Kasaji, nimeingia nayo Kolwezi, na mi mwenye kuwa na jibu kwa kila mutu, mupaka leo sijamujibu.