Nyasi Juu ya Nyumba ya Bati

Paa la Bi Mkubwa lilinigharimu mbuzi jike mmoja aliyekwisha kuzaa mara mbili, majogoo wawili, nauli ya kwenda Korogwe, na nusu doti ya kanga. Nusu iliyobaki haina kazi bila mwenzake, kwa hiyo naiandika doti nzima. Nimejumlisha mara mbili na mara zote nimepata hasara ileile. Mjomba wangu naye alipoteza heshima yake kwa nusu siku, lakini hiyo siiweki kwenye hesabu kwa sababu haikutoka mfukoni mwangu.

Bi Mkubwa hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Alikuwa mjane, jirani yangu tangu kule kwenye mashamba ya zamani kabla hatujahamishwa na kupangwa kando ya barabara, mwendo mfupi kutoka Mkata. Alikuwa mke wa kwanza wa marehemu mumewe. Mke wa pili tulimwita Bi Mdogo, ingawa naye alikuwa ameshaota mvi. Tangu matanga ya mume wao wanawake hawa wawili walikuwa hawasemezani, na kijiji kipya kiliwapa viwanja viwili vilivyotazamana.

Tulipohamia, Bwana Maendeleo alitutangazia kwamba mstari wa mbele, unaoonekana na wapitao barabarani, utakuwa wa nyumba bora. Wazee na wajane ndio wangepewa. Sisi tusimamishe kuta za miti na udongo, serikali italeta mbao, misumari na bati. Tukapiga makofi. Kuta zikasimama. Fundi akaletwa, akaweka mbao za paa nyumba zote za mstari ule. Bati likaja la nyumba nne za mwanzo, zikang'aa hata madereva wa mabasi wakawa wanapunguza mwendo kuzitazama.

Kisha siku moja Bwana Maendeleo akaja kwa baiskeli. Mimi nilikuwa nauza kuku pale yanaposimama mabasi, na kazi hiyo hufundisha kumsoma mtu kwa chombo alichojia. Siku zote alikuja kwa Landrova. Nilipoona baiskeli nilijua fungu limekufa kabla hajashuka.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye mkutano, "fungu la nyumba bora limekwisha. Lakini ahadi haijaisha."

Watu wakapiga makofi tena, nadhani kwa mazoea.

Hapo ndipo tabu ilipoanza, maana ahadi ile ilikuwa na masharti. Atakayeezeka nyasi kwenye mstari wa mbele atakuwa ameonyesha kwamba bati halihitaji, na jina lake litafutwa. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Nyumba zikakaa wazi, zina mbao juu kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na wenyewe wakalala vibandani wakilinda haki yao ya bati. Bi Mkubwa alilala jikoni, kibanda cha mikeka mitatu. Masika yalikuwa yanakaribia. Ukuta wa udongo usio na paa, mvua ya wiki moja unarudi kuwa shamba.

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mtu mwema, ila aliogopa wageni kutoka wilayani kuliko alivyoogopa mvua. Alimwita Bi Mkubwa, nami nikafuatana naye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kamati imeamua," alisema. "Wasiokuwa na paa masika yakiingia, watakaa kwa ndugu zao, na kiwanja kitapewa mwenye nguvu ya kumalizia. Wewe Bi Mkubwa, utakaa kwa mwenzio hapo mbele."

"Mwenzangu yupi?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Bi Mdogo."

Bi Mkubwa alifunga mtandio wake, akaufungua, akaufunga tena. "Mwenyekiti, binti yangu yuko Mashewa kwa mumewe, na kwa mkwe sikai. Kwa huyo mwanamke nitakwenda siku mtakayonibeba, na mtakuwa mmenifunika."

"Basi ngoja bati."

"Nalingoja. Lakini mvua nayo, umeiambia ingoje?"

Tulipotoka aliniambia kwamba ataezeka nyasi, jina lifutwe wakitaka. Nyumba ile ndiyo ya kwanza maishani mwake kujengwa kwa jina lake, siyo ya baba, siyo ya mume. Hakutaka kuiona ikiyeyuka. Nilimwambia nyasi si tatizo, Mkata nyasi ni za kumwaga. Akanitazama kama mtu anayemtazama mteja asiyejua bei.

"Mwanangu, hebu tazama hilo paa. Limelala. Fundi amelilaza kwa ajili ya bati. Ukiweka nyasi kwenye paa lililolala, umeitandikia mvua godoro. Nyasi zinataka paa lisimame maji yakimbie. Nahitaji miti mirefu."

Miti mirefu ilikuwa kwenye msitu uliokatazwa, na wanaume wa kijijini hawakuwa tayari kushika hata ufito mmoja, kila mmoja akihofia bati lake au la mama yake. Nikawa nimekwisha kuamua kumhurumia tu, jambo lisilo na gharama, hadi Bi Mdogo aliponijia kwenye kuku wangu. Nyuma yake alikuja mpwa wake na debe mbili za mahindi kwenye baiskeli.

"Nasikia wamepanga kuniletea yule," alisema.

"Ndivyo kamati ilivyoamua, mama."

"Nyumba yangu ina vyumba viwili. Kimoja changu, kingine cha mbuzi na amani yangu. Shika mahindi haya. Fanya unavyojua wewe, alimradi alale kwake."

"Debe mbili hazitoshi kuezeka nyumba."

"Wewe una mdomo. Mahindi pamoja na mdomo wako yatatosha. Na asijue yametoka kwangu, nisije nikashukuriwa."

Niliyapima mahindi yale mara mbili. Yalikuwa kamili, na mapya. Mtu anayelipa namna ile hataki mchezo, kwa hiyo kesho yake nikapanda basi la Korogwe.

Kule kwenye mashamba ya mkonge nilikuwa nimewahi kuona milingoti, ile mimea mirefu inayochipuka mkonge ukizeeka. Huikata na kuichoma moto. Ni mirefu, imenyooka, na ni myepesi, mwanamke anabeba miwili bila kutoa pumzi. Nilikwenda ofisini kuomba kununua. Karani alinijibu kwa adabu kwamba milingoti haina bei. Nikamwambia vizuri, basi nipe bure. Akasema kitu kisicho na bei hakiwezi kuuzwa, na shamba sasa ni mali ya umma, hivyo hakiwezi kugawiwa pia.

"Kwa hiyo kinafanywa nini?"

"Kinachomwa, mama."

Nikatoka kwenda kambini kumtafuta mnyapara wa wakataji. Nilimkuta ameketi nje ya chumba chake, mzee mnene mwenye kofia ya soksi. Kwa matamshi yake tu nikajua ni Mnyamwezi, na moyo wangu ukatulia. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani. Mtani hakuuzii wala hakupi. Mtani unamchukulia.

"Simama, mpagazi!" nilimwambia. "Mgeni amefika na wewe umekaa. Mzigo umeutua wapi?"

Aliinua kichwa polepole. "Mzigua? Nilisikia harufu nikadhani choo cha kambi kimefurika. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuchukua milingoti yangu."

"Yako! Babu zangu walilipa hongo ya kupita kwenu kila kijito. Wamelipa nguo, wamelipa shanga, wamelipa hata kwa kupiga chafya. Leo unataka na milingoti?"

"Ile hongo ilikuwa ya kwenda. Hii ni ya kurudi."

Wakataji walicheka hadi wengine wakatoka vyumbani. Nilimweleza habari ya mjane na paa lililolala, na akasikiliza bila kutania, jambo lililonitia wasiwasi. Halafu akainuka, akaivuta kanga yangu ya juu kutoka mabegani, akajifunga kiunoni.

"Chukua milingoti. Kanga hii ni rehani. Na Jumapili nakuja kuitazama hiyo nyumba niliyojengewa."

"Huna haja ya kuja, mtani. Ni mbali."

"Nimeshakuja."

Nilimpa dereva wa lori la mkonge majogoo wawili, akaifunga milingoti juu ya shehena yake na kuishusha Mkata. Bei ya majogoo ilikuwa kubwa kuliko kazi yenyewe, lakini alikuwa ameniona sina kanga na akajua nimeshapatikana.

Jumapili mnyapara hakuja peke yake. Nilikuwa nimepiga hesabu ya watu sita, nikasema debe mbili za ugali na mchicha zitabaki. Waliteremka kwenye lori hadi nikaacha kuwahesabu, nikaenda kumfungua mbuzi wangu. Mwalimu wa madrasa alimchinja huku akinipa pole.

Watani walipanda juu, wakang'oa mbao za fundi na kusimamisha milingoti, na nyasi ambazo Bi Mkubwa alikuwa amezikata mwenyewe kwa siku nyingi zikaanza kupanda. Wanaume wa kijiji walisimama mbali, mikono nyuma, wakitoa maoni. Kisha mjomba akaja mbio.

"Simamisheni kazi! Kwa amri ya kijiji—"

Hakumaliza. Watani wawili walimshika mikono, wa tatu akamvua kofia, wakamkalisha juu ya mganda wa nyasi.

"Huyu ndiye mkubwa wao," mnyapara alipaza sauti kutoka juu ya paa, kanga yangu bado kiunoni. "Tumemkamata! Anakombolewa kwa nini?"

"Kwa maneno yake!" mmoja alijibu. "Asiseme hadi tumalize!"

"Haki ya Mungu, nitawapeleka wilayani!" alisema mjomba.

"Tupeleke, mtani, ila usitembee, tutakubeba. Si ndiyo kazi yetu?"

Mtu yeyote wa kijiji angefanya vile angelipa faini, na mimi mpwa wake nisingethubutu hata kumkatiza. Lakini anayemkasirikia mtani amejiaibisha mwenyewe, na mjomba alilijua hilo kuliko wote. Nilimwona uso ukipanda hasira, ukashuka, ukatafuta mahali pa kukaa. Mwishowe akacheka, cheko la mtu aliyeng'olewa jino.

"Nirudishieni kofia."

"Rusha miganda hamsini."

Akainuka, akaanza kurusha. Wanaume wa kijiji walipomwona mwenyekiti anarusha nyasi, mmoja akasema labda ni maelekezo mapya, wakaja kusaidia. Jua lilipozama paa lilikuwa limefungwa, limesimama kama kofia mpya ya kuvalia kanzu. Sikurudishiwa kanga. Mnyapara alisema imemkaa vizuri.

Mjomba alifuta jina la Bi Mkubwa kwenye mgao wa bati kama ilivyotakiwa, akamwomba radhi huku akifuta. Masika yaliingia. Nyumba ilivuja mahali pamoja tu, juu ya mlango, na Bi Mkubwa alikuja kuniambia kama mtu anayesifia. Jirani zake wawili waliendelea kungoja bati. Kuta zao zilikaa chini katikati ya masika, na wao wakahamia kwa ndugu zao. Bati halijafika hadi leo ninapoandika, ingawa ahadi nimehakikishiwa ni nzima.

Sasa jambo lililobaki. Bi Mkubwa alipokuwa na mlango wake wa kufunga na ufunguo wake, kiburi kilimtoka. Asubuhi moja alivuka barabara ya kijiji akaenda kumjulia hali Bi Mdogo. Kesho yake akaenda tena. Akawa anakwenda kila siku baada ya alfajiri, anakaa hadi adhuhuri, anakunywa chai yake, anamsimulia marehemu tangu ujana, halafu anaaga vizuri kwa sababu ana kwake.

Bi Mdogo alinijia tena kwenye kuku. Safari hii hakuwa na baiskeli.

"Mwanangu, nilikupa debe mbili ili yule mwanamke asije kwangu."

"Nilizitumia zote, mama. Na analala kwake."

"Analala kwake, anashinda kwangu. Jana ameniuliza mbona sijaweka sukari. Basi wewe unayejua hesabu nishauri: unanirudishia debe zote mbili, au unanirudishia moja, kwa kuwa usiku simwoni?"