Pikipiki ya Anko na Kilo Zangu

Mwezi mzima sikula chapati, na sababu yake ilikuwa pikipiki. Si kwamba unga ulikosekana. Chapati zilipikwa kila Jumapili nyumbani kwetu Kabiria, zikapangwa kwenye sahani mbele ya macho yangu, zikaliwa na watu wengine. Mimi nilipewa sukuma wiki na maji ya mfereji. Ukitaka kujua dhuluma ni nini, achana na kitabu cha historia. Kaa mezani namna hiyo, halafu dada yako akuulize kama utamaliza mboga.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya anko, ndugu mdogo wa mama, aliyekuwa akiishi nasi. Ilikuwa mkweche wa Kiingereza uliotengenezwa kabla mimi sijafikiriwa, silinda moja kubwa kama sufuria ya githeri. Afisa fulani wa kilimo alikuwa amestaafu akaiacha kwenye banda la kuku, na kuku waliitumia kwa mambo yao. Nani aliikwangua? Mimi. Naomba hilo likumbukwe, maana nyumbani kila mtu amelisahau.

Anko aliuza vipuri Kirinyaga Road, huko katikati ya mji, na alikuwa na ndoto mbili zisizotosha kwenye pikipiki moja. Ya kwanza, aiendeshe kwenda kazini kama mtu mwenye heshima zake: taa, namba, madigadi, kiti cha watu wawili. Ya pili, aiingize kwenye mashindano. Nyuma ya Muthangari kulikuwa na barabara mpya, imewekwa lami lakini haijafunguliwa, imenyooka kama rula. Jumapili asubuhi vijana wa Kihindi kutoka Westlands na mafundi wa pande zetu walikutana hapo. Pikipiki mbili zinasimama kwenye pipa moja, zinafyatuka, na ya kwanza kufika pipa la pili imeshinda. Hakuna kona, hakuna maneno.

"Itafanya kazi zote mbili," anko alisema.

"Kama mwalimu wetu wa hesabu," nikamjibu. "Anafundisha na kemia pia, na hatuelewi hata moja."

Akanirushia kitambaa chenye grisi usoni.

Basi Jumamosi jioni niliivua nguo: taa, madigadi, keria, kiti cha nyuma. Jumapili jioni niliivika tena ili Jumatatu anko aende kazini kama binadamu. Katikati ya kuvua na kuvika, tuliibadilisha. Anko alipeleka hedi ya silinda, kile kifuniko chake cha juu, kwa fundi ikakatwa kidogo, ili pistoni ibane zaidi na mlipuko uwe mkali. Tulitoboa matundu kwa drili kila mahali chuma kingeweza kuvumilia, mpaka fremu ikafanana na chujio la chai. Ile njia ya hewa iliyo ndani ya hedi niliipiga msasa kwa kidole changu mwenyewe, jioni baada ya jioni, mpaka ikateleza. Shuleni mwalimu wa zamu alinichapa kwa sababu ya kucha nyeusi. Nikamwambia ni ugonjwa wa familia. Akaniongezea viboko viwili vya dawa.

Nilivumilia yote hayo kwa sababu ya ahadi. Anko alisema, na mama akiwepo, "Ukimaliza hiyo kazi, mashindano utapanda wewe. Mimi ni mzito."

Na kweli alikuwa mzito. Tumbo lake lilifika kwenye tangi kabla yake.

Shida ilianza anko alipozidisha kufikiri. Baada ya kuondoa kila kipande cha chuma kilichoondoleka, akatafuta uzito uliobaki, na macho yake yakatua kwangu. Alinipeleka kwenye kinu cha posho akanisimamisha juu ya mizani, katikati ya magunia ya mahindi ya watu.

"Huyu ni wa kusaga ama ni wa kurudi nyumbani?" mwenye kinu akauliza.

"Bado tunaangalia," anko akasema. Akainama akausoma mshale. "Punguza kilo nne."

Ndipo chapati zikaisha. Mama aliunga mkono haraka sana, haraka iliyonitia shaka. Na dada yangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza shule na anasomea taipu mjini, alijitolea kunisaidia kwa kula fungu langu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano tulirudi kwenye kinu. Nilikuwa nimekonda mpaka suruali ya shule inashikwa na kamba. Mshale ulionyesha kilo tatu na nusu zimetoka. Anko akatikisa kichwa kama daktari. Dada alikuwa amekuja kubeba unga, na kwa mzaha tu akapanda mizani baada yangu. Mshale ukasimama chini ya pale nilipouacha. Mbali kabisa, chini.

Anko aliuangalia ule mshale kama mtu aliyetokewa na malaika.

"Anko, hayo unayofikiria usifikirie," nikasema.

"Si nilimfundisha uwanjani? Gia anazijua."

"Uliniahidi!"

"Niliahidi pikipiki itashinda."

"Hukusema hivyo!"

"Hiyo ndiyo maana yake, bana."

Dada alishuka akijipangusa unga. "Pole, babangu. Nikipita nitakupungia mkono."

Usiku ule niliulalamikia mto wangu. Nani angenisikiliza? Mtu anajinyima mwezi mzima, anashindwa na mtu aliyekula chapati zake, na familia nzima inaona ni sawa!

Jumapili tukafika Muthangari. Msimamizi pale alikuwa mzee Singasinga mwenye gereji, ndevu nyeupe, kiti cha kukunja na chupa ya chai. Sheria yake ilikuwa moja: anayeendesha ndiye anayewasha, peke yake, bila kusukumwa. Walisema zamani mtu fulani alisukumwa na marafiki zake, pikipiki ikawaka, ikamwacha yeye chini na kwenda kushindana peke yake.

Dada alipanda mkweche wetu. Mpinzani alikuwa mjukuu wa yule mzee, kijana wa rika langu mwenye kilemba chekundu, juu ya pikipiki ya Kijapani inayolia kama panzi aliyekanyagwa. Ya kwake iliwaka mara moja. Dada akakanyaga kiki ya kuwashia. Kiki haikushuka. Akasimama juu yake kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Ilikuwa kama kuku juu ya jiwe. Hedi tuliyokata ilibana pistoni kiasi kwamba ilihitaji uzito wa kuishusha, na uzito ndio kitu ambacho dada alichaguliwa kwa kukikosa. Mara ya tatu kiki ikashuka nusu, ikamrudisha juu, karibu imtupe kwenye mtaro.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, sitadanganya.

Anko akajitokeza. "Wacha nikuwashie."

"Hapana," mzee akasema bila kuweka kikombe chini. "Wewe nawasha, wewe napanda."

"Mzee, huyu ni msichana tu."

"Sheria hajui msichana. Hajui tumbo pia."

"Panda, buda!" mtu akapaza sauti. "Tuone trekta!"

Nikasonga mbele. "Mimi naweza kuiwasha."

"Wewe?" anko akaguna. "Mguu wenyewe kama spoku. Umekonda hivyo."

"Nani alinikondesha?"

Hapo hata mzee alicheka, chai ikamwagikia ndevu. Dada akashuka, uso umekunjamana, akasimama kando mikono kiunoni.

Mara ya kwanza kiki ilinirudi ikanipiga kwenye muundi, nikaona nyota mchana. Lakini ile pikipiki nilikuwa nikiiwasha kila Jumapili jioni baada ya kuivika, na naijua tabia yake. Hutakiwi kupigana nayo. Unasukuma kiki taratibu mpaka uhisi pistoni imefika juu kabisa, unaipitisha kidogo tu, halafu ndipo unashuka nayo kwa mwili wote, hasira ikiwemo. Hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Ikanguruma.

Anko akadaka usukani. "Vizuri. Sasa shuka, dada yako..."

"Yeye nawasha," mzee akasema, "yeye napanda. Wewe toka."

Mzee akashusha kitambaa cha kuanzisha mbio, nikaachia klachi. Mnaosema mkweche ni wa makumbusho mngekuwa pale. Tairi la nyuma liliuma lami, mikono ikataka kuniacha, na kile kilemba chekundu kikabaki nyuma ya bega langu. Gia ya pili, bado kiko nyuma. Nusu ya njia nilikuwa mbele! Nikatia gia ya tatu, na yule panzi akaanza kulia sikioni, akaja ubavuni, akanipita karibu kabisa na pipa. Gurudumu moja. Alinishinda kwa gurudumu moja.

Nikakata mwendo nigeuze nirudi. Nikamwona anko anakuja mbio kwa miguu, tumbo linamtangulia, anapiga kelele. Nilidhani ni pongezi.

"Ungetoa ile nusu kilo iliyobaki!" alikuwa akisema. "Nusu kilo tu!"

Sikugeuza. Nilinyoosha.

Nilipita Lavington bila namba, bila taa, bila madigadi, ekzosti wazi, mbwa wa matajiri wakibweka nyuma ya mageti na waumini wakifanya ishara ya msalaba. Nikaingia Ngong Road kama mtu mwenye shughuli. Nilikuwa nimeamua kufika nayo hadi nyumbani nikiwa juu yake, nione ni nani ataniambia nipimwe. Mbele ya Adams Arcade ikakohoa, ikazima. Anko alikuwa ameitilia petroli ya kujaza chupa ya soda, ili kupunguza uzito. Katika familia ile kila kitu kilikuwa kimenyimwa chakula.

Nikakaa ukingoni mwa barabara. Baadaye panzi akaja, dada amepanda nyuma ya kilemba chekundu, ameshika chupa ya petroli.

"Anko anakuja kwa miguu," akasema. "Amekasirika."

"Hata mimi."

"Na mimi je? Mnanisimamisha mbele ya watu na kiki ambayo hakuna aliyenifundisha! Gia nilifundishwa. Kuwasha, mkanyamaza."

"Ungeuliza."

"Ungesema!"

Yule kijana akageuza uso akaangalia maduka, kwa adabu.

Anko alifika amelowa jasho. Hakutukana, jambo lililonitisha zaidi. Akamimina petroli, akakanyaga kiki mara moja, ikawaka. Juu ya ngurumo akatuelekezea kidole, mmoja baada ya mwingine. "Jumapili ijayo, wote wawili. Huyu ajifunze kuwasha, huyu ajifunze gia ya tatu. Uliibadilisha mapema."

"Sikuibadilisha mapema!"

Alikuwa ameshaondoka. Kiti cha nyuma hakikuwepo, nilikivua mwenyewe. Dada akapelekwa nyumbani na mshindi. Mimi nikashika njia ya Kabiria, muundi umevimba, nikiapa kwa sauti kwamba sitaigusa tena ile takataka, waikwangue wenyewe. Nilipofika Riruta nilikuwa natembea nimefumba mkono wa kulia kama nimeshika mpini wa mafuta, mguu unatafuta gia, nikihesabu ni wapi ningeiacha ya pili ivute zaidi kidogo. Na hata hivyo nilikuwa mbele. Nusu ya njia nilikuwa mbele, mtu asiniambie kitu.