Kuwatafsiria Kina Mama wa Granville Mapenzi ya Waingereza

Mwaka wa pili wa korona, Sydney ilipofungwa tena katikati ya baridi na sisi wa upande wa magharibi tukafungiwa kuliko wengine, nilikuwa na shahada mpya ya mipango miji, barua ya mwajiri iliyonitaka nisubiri, na muda mwingi wa kufikiri. Mtu kama mimi hafai kupewa muda wa kufikiri.

Niliishi Westmead na dada yangu mkubwa, muuguzi wa zamu za usiku. Yeye alilala mchana, nami nilitembea ndani ya nyumba kwa soksi nikijiuliza kama soksi zinatoa sauti. Nilipokwenda kununua mkate nilichagua duka la mbali kidogo, ndani ya zile kilomita tano tulizoruhusiwa, ili muuzaji wa duka la karibu asidhani sina marafiki. Kisha nikahofu kwamba atadhani nimemsusia. Dada alikuwa akiniambia, "We, hiyo akili yako haijawahi kupewa likizo?"

Kanisa letu lilikuwa la Wakenya, Wakongomani na Warundi wachache, na tulikuwa tumekodi ukumbi Granville. Ukumbi ulipofungwa, ibada ikahamia kwenye skrini. Mchungaji, Mkenya mwenzetu, akagundua kwamba kina mama wanaoishi peke yao walikuwa hawaondoki baada ya baraka. Walibaki pale, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, wakitazamana. Akaamua kwamba kila Jumapili saa tisa alasiri tutaangalia filamu fupi ya kuchekesha, ili watu wawe na sababu ya kubaki.

Filamu zilitafutwa na mpiga kinanda wetu. Yeye ni Mkongomani wa Bukavu aliyefika Australia akiwa bado mwanafunzi, na siku za kazi alipanga mizigo katika ghala la karatasi za chooni Seven Hills, mwaka ambao karatasi za chooni zilikuwa na heshima kuliko mawaziri. Alivumbua hazina ya vichekesho vya Kiingereza vya dakika kumi au kumi na tano, vyote kuhusu mapenzi, imani na maisha ya kila siku huko Uingereza. Kulikuwa na kasisi aliyeogopa nyuki wake mwenyewe. Kulikuwa na mume na mke wazee walionuniana mwaka mzima kwa sababu ya kiti kimoja kanisani. Kulikuwa na kijana aliyetaka kumposa msichana kituoni, na kila akifungua mdomo basi linafika. Mchungaji alizipitisha zote bila wasiwasi, maana katika filamu hizo watu hawavui hata makoti.

Tatizo lilikuwa Kiingereza chenyewe. Kina mama walikuwa wamezoea kile cha kazini, si kile cha kijijini Uingereza kinachosemwa meno yakiwa yamefungwa. Watoto walikielewa, lakini mtoto akiulizwa "Amesema nini yule?" alijibu kwa Kiingereza kilekile, tena kwa kasi zaidi. Basi mchungaji akanitaka mimi nitafsiri, kwa sababu nimesoma na, kama alivyosema mbele ya watu wote, "huyu hana kazi kwa sasa."

Jumapili ya kwanza nilitafsiri neno kwa neno, na panapohitajika nikaeleza mfumo wa parokia. Baada ya dakika nne nikasikia sauti ya Maman. Maman ni mjane Mkongomani wa Granville, mkubwa wa kina mama wote wa kanisa, na hata mchungaji alimwita hivyo, yaani "mama" kwa Kifaransa.

"Binti," akasema, "hii ni filamu ama ni mkataba wa nyumba?"

Nililia kidogo bafuni. Kisha nikakumbuka kibanda cha video nyuma ya soko kule Nakuru, ambako utotoni nilikatazwa kuingia na hivyo nikawa nasikiliza kutoka nje ya ukuta wa mabati. Mle ndani alikaa mtu tuliyemwita dijei, ingawa hakucheza muziki wowote. Kazi yake ilikuwa kuitafsiri filamu ikiwa inaendelea, na kwake kutafsiri kulikuwa ni kuwapa wale Wachina na Wamarekani maneno ambayo wangesema kama wangezaliwa Nakuru. Jambazi alidaiwa kodi na mama mwenye nyumba. Mfalme alilalamikia bei ya mafuta taa. Na sheria yake kuu, ambayo niliijua bila kuona picha hata moja, ilikuwa kwamba dijei hanyamazi. Waigizaji wakinyamaza, yeye anaendelea. Ukimya ukizidi, watu wanapiga mabati.

Jumapili ya pili nikawa dijei. Kasisi wa nyuki akawa mchungaji aliyekimbia mkutano wa ujenzi wa kanisa. Yule bibi kizee wa kiti akawa mwenyekiti wa kina mama aliyetawala tangu uhuru. Maman alicheka mpaka kamera yake ikaonyesha dari. Wiki iliyofuata watu waliongezeka, wengine kutoka makanisa ambayo hatukuyajua, na mpiga kinanda, aliyekuwa akituwekea filamu kutoka kwenye kompyuta yake, akaanza kunipigia vipande vidogo vya muziki, vya hofu na vya furaha, pale panapofaa. Kila Jumamosi tulipigiana simu kuchagua filamu. Tulianza na dakika kumi. Baada ya mwezi ilikuwa saa mbili, na filamu ilichaguliwa katika dakika ya mwisho.

Sasa nifike kwenye ile Alhamisi. Saa sita na dakika kumi mchana, wakati wa mapumziko yake ya chakula, mpiga kinanda aliniandikia hivi: "Nakupenda, na si kama ndugu wa kanisani tu. Kama na wewe unanipenda, niambie kabla Jumapili haijaisha. Kama sivyo, nyamaza tu. Nitaelewa na sitauliza tena. Filamu zitaendelea."

Nilimpenda. Hilo naliweka wazi, kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo sikuwa na shaka nalo. Lakini kulijua jambo na kuliandika ni shughuli mbili. Jibu la kwanza lilikuwa refu mno. La pili lilikuwa fupi kama la mtu mwenye kiburi. La tano lilianza na "Kuhusu ujumbe wako wa Alhamisi," kama barua ya manispaa. Katika la nane nilimwuliza kama ameniandikia kwa kuwa ananipenda au kwa kuwa kila mtu amechoka kukaa ndani, na nikalifuta. Jumamosi hakupiga simu. Bila shaka alikuwa ananiachia nafasi. Au alikuwa amejuta. Nilizifikiria hizo mbili tangu asubuhi mpaka dada alipoamka jioni kujiandaa kwenda kazini.

"Andika 'na mimi pia,'" akasema, akitafuta barakoa yake.

"Akidhani nimejibu kwa pupa?"

"Leo ni siku ya tatu. Hata matokeo ya kipimo cha pua yanafika kabla yako."

Jumapili saa tisa nikaketi mezani jikoni, jibu la kumi na moja likiwa kwenye simu bila kutumwa, na dada akiwa amelala chumba cha pili. Nilijipangia kulituma baada ya filamu. Kwa kuwa hatukuzungumza Jumamosi, filamu aliichagua mwenyewe, nami sikuwa nimeiona. Kamera yake ilikuwa imezimwa kama kawaida, maana alisema inavuta intaneti.

Filamu ikaanza. Mwanamume na mwanamke wa makamo wako katika jiko la kanisa, huko Uingereza, baada ya mnada wa vitu kuukuu. Mwanamume anaosha vikombe. Mwanamke anavikausha. Nikawatambulisha vizuri, nikasema huyu ni fundi bomba na huyu ni mwalimu wa shule ya Jumapili, na wote wawili wamebaki kuosha vyombo ingawa si zamu yao. Watu wakacheka. Nikasubiri waseme kitu.

Hawakusema. Mwanamume aliosha kikombe, akampa. Mwanamke akakikausha. Akaosha kingine. Ndiyo filamu yenyewe, nilikuja kujua baadaye: vikombe na kimya. Waingereza wanaona hilo linachekesha sana, na kweli linachekesha, ila si kwa dijei.

"Ule bwana anangoja nini?" akauliza Maman.

Nikasema fundi anafikiria bei ya mabomba. Nikasema mwalimu anaona sabuni imezidi. Nikamaliza mabomba, nikamaliza sabuni, na bado kulikuwa na meza nzima ya vikombe. Kinanda kilikuwa kimya. Nikahisi mabati yanakaribia kupigwa. Basi nikafungua mdomo na kumpa yule mwanamke maneno ya kwanza yaliyokuwepo kichwani mwangu, na kichwani mwangu kwa siku tatu kulikuwa na maneno ya aina moja tu.

"Mwanamke anasema, ujumbe wako niliupata Alhamisi."

"Ujumbe gani?" akasema Maman. "Hatukuona ujumbe."

"Ulikuja kabla filamu haijaanza, Maman."

"Sawa. Na mbona hakujibu?"

"Alikuwa anaandika."

"Tangu Alhamisi? Anaandika Biblia?"

Nilisikia watu wakicheka, na nilijua ningeweza kurudi kwenye sabuni. Ndipo sauti ya mpiga kinanda ikaingia, ya chini, kama mtu aliyekaribia sana maikrofoni.

"Mwanamume anasema, Alhamisi ilikuwa mbali."

Hakuwa amewahi kutafsiri hata mara moja. Kwenye skrini Mwingereza aliinua kikombe na kukikagua.

"Mwanamke anasema samahani," nikasema. "Anasema ameandika majibu kumi na moja. Anasema la kwanza lilikuwa refu, lingine lilikuwa na kiburi."

"Mwanamume anasema hata lenye kiburi angelipokea."

"Anasema anaogopa akijibu vibaya ataharibu Jumapili zote."

"Mwanamume anasema," na hapo akakohoa, "mwanamume anasema yeye alijua kuosha vikombe kabla ya kumjua huyu mwanamke, na wakati huo hakuwahi kufurahia kuviosha."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja Mrundi alisema polepole, "Eeh." Ajabu, kichwani mwangu palikuwa na nafasi tele, kama chumba kilichotolewa samani. Nilikuwa tayari kumsemea yule mwanamke neno la mwisho. Nikavuta pumzi.

Yule mwanamke akatundika taulo, akavaa koti, akatoka nje.

"Mais, lakini anakwenda wapi?" akasema Maman.

Nami sikujua. Mlango ulifungwa. Mwingereza alibaki peke yake na povu mikononi, akitazama mlango.

"Anaenda kuleta maziwa," nikasema.

"Maziwa ya nini, vikombe vimekwisha kuoshwa?"

"Anaenda kumwambia dada yake."

"Atarudi?"

Tukasubiri wote. Hakurudi. Mwingereza akazima taa ya jiko, na majina ya watengeneza filamu yakaanza kupanda. Skrini ikawa nyeusi, kisha vile vidirisha vyetu vikarudi, na kidirisha cha mpiga kinanda kikiwa giza. Nikaelewa anachokiona: kwamba mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye dijei, na mwanamke wangu ametoka nje mbele ya kanisa zima bila kujibu.

"Imeisha vibaya," Maman akaamua. "Shiye kwetu, mtu anakubali ama anakataa. Hawezi kuvaa tu koti."

"Filamu imeisha hivyo," nikasema. "Yule wa kwenye filamu sijui alitaka nini. Mimi nimekubali. Na mimi nakupenda. Tangu ile ya nyuki."

Niliisema kwa sauti ya dijei, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki kooni, yaani kwa sauti ya kufika nje ya kibanda. Mlango wa chumba ukafunguka na dada akatokea na kofia ya kulalia.

"Umekubali nini," akasema, "na mbona mtaa mzima umeambiwa?"

Kabla sijajibu, Maman alipiga vigelegele. Wengine wakafuata, lakini intaneti ya kila nyumba ilikuwa na mwendo wake, kwa hiyo vigelegele vilifika kwa zamu, Granville kwanza, kisha vya kwingineko, na kila nilipodhani vimekwisha mama mwingine aliwasili. Mchungaji alikuwa anaongea kwa bidii na mikono yake yote miwili, bila sauti.

"Pasta, hatukusikii," watu wakamwambia.

Akawasha maikrofoni. "Nimesema haya mambo yana utaratibu wake."

"Utaratibu ni mimi," akasema Maman. "Mimi ni upande wa kijana, hapa hana mama mwingine. Upande wa binti ni nani?"

Dada akajisogeza mbele ya kamera, akaiweka sawa kofia yake ya kulalia. Nilimwona akibadilika usoni, akawa mzee wa ukoo mzima. "Upande wa binti umetoka zamu," akasema. "Umelala kwa saa tatu tu. Mlete barua yenu tukishaamka."

"Tutaleta, Maman mdogo. Lala vizuri."

Hapo ndipo mpiga kinanda alipowasha kamera. Alikuwa amekaa jikoni kwake, kinanda kikiwa juu ya boksi la karatasi za chooni, na amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alilivaa ili aketi nyuma ya kamera iliyozimwa, asubiri kukataliwa. Alijaribu kusema kitu mara mbili, akaishia kucheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Nami nilikuwa nacheka mpaka dada akanipa kitambaa cha vyombo nijifute machozi.

Mchungaji akatuomba tuinamishe vichwa. Akaombea wagonjwa, akaombea wauguzi, akaombea serikali iwe na busara, akawaombea vijana wanaotangaza mambo yao kabla ya kuyaleta ofisini kwake. Vidirisha vyote vikawa vipara, vilemba na vitambaa. Mimi nilifungua jicho. Mpiga kinanda naye alikuwa amefungua lake. Kwenye skrini huwezi kujua mtu anamtazama nani, na kwa miezi yote ile hilo lilikuwa limenisumbua. Nikapunga mkono kidogo, chini karibu na meza. Akapunga. Na Maman, ambaye tulidhani amezama katika maombi, naye akapunga.