Kioo Kisichoshika

Jirani yetu wa mlango wa pili hana haraka hata kidogo. Akiitwa huinuka taratibu, hujifuta viganja mapajani, kisha huja akipiga mluzi wa chini kwa chini. Sauti yake ni ya kumbembeleza mtoto alale, na mke wangu akiisikia tu huanza kutabasamu kabla hajajua kinachosemwa. Mimi huyaona yote hayo.

Jumapili ile gari letu kuukuu lilijifunga lenyewe, funguo zikiwa ndani na injini inanguruma. Nilikuwa nimeshavuta vitasa vyote na kupinda waya mpaka vidole vikaniuma, jasho linanitoka, ndipo mke wangu akaenda kumwita yeye. Alilizunguka gari akigusa vioo kwa ncha za vidole, kama daktari anayetafuta panapouma, akasimama kwenye kile kidogo cha nyuma, pembeni.

"Hiki hakishiki vizuri," akasema.

"Umejuaje?"

"Shemeji aliniambia."

Mimi mwenye gari sikuwahi kuambiwa. Akakisukuma kwa kidole gumba huku akipiga mluzi wake, kikaachia. Kisha akanitazama usoni, na nadhani aliusoma wivu wangu wote, maana mluzi ulikatika na akarudi nyuma kidogo.

"Mkono wangu mnene, kaka. Ingiza wewe."

Nikaingiza mkono, nikavuta loki, nikaufungua mlango mimi mwenyewe.

"Ahsante sana, shemeji," mke wangu akasema, akimtazama yeye.