Chura wa Coral

Des Pruett alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sukari kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu aliuhamishia ufundi wake wote kwenye gari moja. Lilikuwa gari refu la porini, lenye hema lililokunjwa juu ya paa. Ukifika kambini unalikunjua hema, unateremsha ngazi ya vidato saba, na nyumba iko tayari. Ubavuni Des alifunga turubai la kivuli, na chini ya turubai akapitisha mkanda wa taa za njano, njano iliyokoza kama asali, zilizojiwasha zenyewe jua likizama. Kazi safi kabisa. Waya mmoja haukuonekana.

Kila Septemba yeye na mkewe Coral walikwenda Kona ya Wattle, kando ya mto, wakakutana na wastaafu wenzao wa jimbo la Queensland waliokuja na magari na mahema yao. Saa kumi na moja jioni kila mtu alibeba kiti chake na kinywaji chake, viti vikapangwa duara kuzunguka moto, jibini na biskuti za chumvi zikazungushwa, na mazungumzo yakaanza kwa betri na kuishia kwa betri. Hapo Des alikuwa mfalme. Hakuna aliyethubutu kununua taa bila kumuuliza, na aliyethubutu alijuta.

"Taa nyeupe ni kadi ya harusi kwa wadudu," alikuwa akisema jioni ile, miguu kainyoosha kuelekea motoni. "Weka njano, tena ifinye iwe hafifu. Nyota utaziona, jirani hutamkera. Halafu yape macho..."

"Dakika ishirini!" wakaitikia wote kwa pamoja, maana somo walilijua kwa moyo.

"Chekeni tu. Macho si mapumbavu. Yape dakika ishirini, yatazoea giza."

"Des, tupe ile ya chura," alisema Vince, jirani yao wa hema la pili, mtu wa tumbo na kicheko.

Des hakubembelezwa. Hadithi ya chura aliipenda kuliko zote. Mwaka juzi, akasimulia, Coral aliingia sokoni peke yake, akatoka na taa ya plastiki yenye umbo la chura, taa ya kitoto, mwanga wake mweupe kama wa chumba cha upasuaji. Akaitundika kwenye ngazi. "Basi jamani! Nondo kutoka wilaya tatu! Wadudu wamevaa suti! Nikamwambia, mke wangu, huyu chura wako kaalika ukoo mzima." Akapiga paja. Duara likacheka, Vince akafuta machozi, na Coral naye akatabasamu kwa midomo tu, kama alivyotabasamu mwaka uliopita.

Merle, muuguzi mstaafu, alikuwa akizunguka na birika la chai. Alipomfikia Coral alisimama.

"Leta kikombe."

"Ahsante Merle, sinywi."

"Jana hukunywa, juzi hukunywa. Wewe ndiye Coral yule yule aliyekuwa akimaliza birika peke yake tukalala na kiu? Daktari kakukataza?"

"Hapana."

"Basi kulikoni?"

Labda Coral angesema uongo mdogo, kama alivyozoea. Lakini kicheko cha chura kilikuwa bado kinazunguka, na labda kilimchosha. "Nikinywa chochote baada ya saa tisa alasiri," alisema, "usiku nitataka kushuka kwenda chooni. Na ngazi siioni."

Des akacheka kidogo, akidhani ni mwendelezo wa mzaha. "Si unasubiri kwanza macho yazoee, mama."

"Yangu hayazoei, Des. Nilikwambia mwaka juzi. Daktari wa macho alisema hayatazoea giza tena." Hakupandisha sauti. "Ulikuwa chini ya turubai unafunga swichi."

Na hapo Des akakumbuka, wala hakukumbuka nusu. Alikuwa amelala chali, bisibisi mdomoni, akamsikia Coral akisema jambo la macho, na akamjibu bila kuitoa bisibisi: yape dakika ishirini. Kesho yake ndipo Coral aliponunua chura. Na baada ya siku mbili za kumcheka, Des alimtupa chura huyo ndani ya sanduku la vifaa.

"Na ule mguu ulioumia mwaka jana?" aliuliza Merle, birika bado mkononi. "Ulisema umejigonga kwenye chuma cha kufungia trela."

"Kidato cha tatu," alisema Coral.

Mtu mmoja akakohoa. Vince akaanza kutafuta kitu kwenye pakiti ya biskuti. Des aliona uso unamwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Akanyanyuka, akasema anakwenda kuangalia fyuzi. Fyuzi zote zilikuwa nzima na kila mtu alijua.

Alisimama nyuma ya gari, mkono kwenye ngazi. Jua lilikuwa limezama, na zile taa zake za asali zikajiwasha kwa upole, kama alivyozipangia. Alivitazama vidato. Aliviona vyote saba. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini yeye kitanda hiki alikilalia kila usiku, ubavu kwa ubavu na mwenye kuumwa, akikoroma. Hilo ndilo lililomtia aibu zaidi. Hakuwa na pa kusingizia.

Coral alimfuata, akitembea polepole, mkono ukipapasa ubavu wa gari. Des hakuwahi kuona kwamba anapapasa.

"Rudi ukae," alimwambia. "Watadhani tunagombana."

"Coral. Unaona vidato vingapi?"

Coral akatazama. Des alimwona akitafuta jibu la kumfurahisha, na kumwona hivyo kulimuuma kuliko jibu lenyewe.

"Viwili," alisema mwishowe. "Kimoja labda ni kivuli."

"Kumbe ndiyo maana ulisema hii ni safari yetu ya mwisho. Ulisema umechoka na barabara."

"Barabara naipenda, Des. Nimechoka kulala nimebana miguu nikisubiri alfajiri."

Des alifungua sanduku la vifaa, akatoa jeki, akatoa kamba, akatoa koleo tatu asizozihitaji, na chini kabisa akamkuta chura, mguu mmoja umevunjika. Akambadilishia betri. Akamfunga kwa waya kwenye kidato cha nne, akambana vizuri asiyumbe. Mwanga mweupe, mkali, mbaya ukamwagika mpaka ardhini, na turubai lenye taa za asali likaonekana kama nguo chakavu. Wadudu hawakuchelewa.

"Sasa?" aliuliza.

Coral alihesabu kwa kidole. "Saba," alisema.

Kutoka motoni Vince akapaza sauti, "Jamani, chura kafufuka! Des, umelewa nini wewe?"

Walirudi kwenye duara, Coral akaketi kitini pake. Des hakukaa. Maneno yalimkwama, mtu aliyeweza kuzungumzia waya mpaka mkaa uzimike.

"Vince, ile hadithi sikuwahi kuisimulia sawasawa," alisema. "Mke wangu alinunua taa ile kwa sababu alikuwa haoni. Alikuwa ameniambia. Mimi nikamcheka, na ninyi nikawachekesha. Akaanguka, akanificha. Miaka miwili hii mke wangu anashinda na kiu ili mimi nizione nyota. Msiniombe tena hadithi hiyo. Naona aibu. Naona aibu sana."

Hakuna aliyecheka. Vince aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Na mimi ndiye niliyekuwa nikiiomba, Coral. Samahani."

"Umemaliza?" Merle alimuuliza Des.

"Nimemaliza."

"Basi kaa, unatuzibia moto."

Akakaa. Nondo wa chura walikuwa tayari wamefika, wakazama kwenye jibini, na hakuna aliyelalamika.

Kisha Coral, bila kumtazama mtu, akanyoosha kikombe. Merle akamimina mpaka ukingoni. Coral akanywa kwa mkupuo, bila kupuliza, akakinyoosha tena. Des alimtazama akinywa cha pili. Cha tatu hakuweza kukitazama. Aliinamia viatu vyake, akimsikia mkewe akimeza, funda baada ya funda, kama mtu aliyetoka safari ndefu.